Kampuni haina kitu, mkurugenzi anajenga: namna ya kukaza hukumu mpaka kwa mkurugenzi

Shangazi yangu aliwapikia vijana wa kampuni moja ya ujenzi kwa miezi 7, kule Pongwe, Tanga. Wali maharage, Ijumaa wali samaki, sahani 60 kila mchana, zote kwa daftari. Kampuni ilipoacha kulipa alikwenda mahakamani, akashinda. Watu walimpa mkono wa pongezi, akarudi Ngamiani na karatasi yenye muhuri inayosema anadai shilingi 14,600,000. Miaka 2 ikapita hajaona hata senti. Ofisi ya kampuni ilikuwa imefungwa, akaunti ina vijisenti, malori yamepakwa rangi mpya na kuandikwa jina jingine ubavuni. Mkurugenzi mwenyewe tulikuwa tukipishana naye Raskazone jioni, mzima wa afya, na nyumba yake ya ghorofa inapanda.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kukaa naye shangazi kwenye mabenchi ya mahakama, na baadaye na watu wengine wa hapa Tanga waliofungiwa geti kama yeye: wauza kokoto, wenye magari ya kukodi, vijana waliofukuzwa kazi wakiwa na tuzo ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mkononi. Wakili ukimpata, mpate. Lakini hata ukiwa naye, ukijua njia hii utamsaidia, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kukusanya taarifa, na taarifa hizo unazo wewe mtaani kuliko yeye ofisini.

Kabla ya yote, elewa kwa nini mkurugenzi hakamatiki kirahisi

Sheria inaihesabu kampuni kuwa ni mtu kamili, mbali na wenye hisa na wakurugenzi wake. Msingi huu uliwekwa Uingereza mwaka 1897 katika kesi ya Salomon, mfanyabiashara wa viatu na ngozi wa London, na ndio unaofuatwa hapa kwetu chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Kampuni ikidaiwa, inadaiwa yenyewe. Ikishindwa kesi, imeshindwa yenyewe. Mkurugenzi anasimama nyuma yake, na kati yako na yeye kuna kile mawakili wanachokiita pazia la kampuni.

Mahakama inaweza kulifunua pazia hilo. Mahakama ya Rufani ilishalikubali jambo hili katika shauri la Yusuf Manji, Rufaa ya Madai Namba 78 ya 2002, ambapo tuzo, yaani amri ya kulipa, ilikuwa dhidi ya kampuni na mkurugenzi mtendaji akafikiwa katika hatua ya kukaza hukumu, yaani ya kuilazimisha itekelezwe. Maana yake kwako ni kubwa: si lazima ufungue kesi mpya dhidi ya mkurugenzi. Lakini lishike na hili: kampuni kushindwa kulipa, peke yake, hakutoshi. Biashara huanguka kwa haki, na mwenye kampuni iliyoanguka kwa haki sheria inamlinda. Unachotakiwa kuonyesha ni hila: mali zimehamishwa ili usizifikie, fedha za kampuni zinatumika kama za nyumbani kwake, kampuni imeachwa ganda na biashara ile ile inaendelea kwa jina jingine, au mkurugenzi anaificha mali ya kampuni kwa makusudi.

Wengi hushindwa hapo. Wanakwenda na hasira ya kweli kabisa, lakini hawana ushahidi wa hila hata mmoja. Hatua zote zinazofuata zina kazi hiyo moja, ya kuujenga ushahidi huo ndani ya jalada.

Hatua ya 1: Weka karatasi zako sawa

Nenda masijala ukachukue nakala zilizothibitishwa za hukumu na za tuzo. Ni karatasi mbili tofauti. Hukumu ni maelezo na sababu. Tuzo, ambayo makarani wengi bado huiita dikrii, ni ile fupi inayotaja nani amlipe nani kiasi gani, na ndiyo inayokazwa. Soma jina la kampuni kwenye tuzo herufi kwa herufi. Kampuni inayoitwa "Fulani Construction Limited" si sawa na "Fulani Contractors Limited", na wapo wanaosajili majina yanayofanana kwa makusudi hayo hayo. Kama kuna kosa la uandishi, omba mahakama ilisahihishe kabla hujaanza lolote.

Angalia na tarehe. Maombi ya kukaza hukumu yana ukomo wa miaka 12. Hata hivyo, ukikaa zaidi ya mwaka 1 tangu tuzo itolewe, mahakama italazimika kwanza kumpa mdaiwa notisi ya kujieleza kwa nini hukumu isikazwe. Hilo ni siku nyingine za kusubiri, na kwa mtu mwenye hila ni siku nyingine za kuhamisha mali. Shangazi alichelewa hivyo kwa sababu kila wiki aliahidiwa kwa simu kwamba "Jumatatu tunamalizana, mama". Usisubiri Jumatatu ya mtu.

Hatua ya 2: Ijue kampuni kuliko inavyojijua

Omba upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Siku hizi maombi hufanyika kwa mtandao na ada yake hulipwa kwa namba ya malipo, kwa hiyo huna haja ya kupanda basi Kange kwenda Dar es Salaam. Unataka majina ya wakurugenzi na wenye hisa, tarehe walizoingia na kutoka, anwani, taarifa za mwaka kama zinawasilishwa, na kama mali za kampuni zimewekwa rehani kwa benki. Tangu Sheria ya Fedha ya 2020 kampuni zinatakiwa pia kutoa taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni hata kama majina yao hayamo kwenye hisa.

Hili la mwisho lina uzito wake. Nimeona kampuni ambayo mkurugenzi aliyeandikwa alikuwa kijana wa kufungua geti. Alisaini karatasi aliyopewa na bosi wake bila kuelewa, na siku ya siku angebeba yeye mzigo. Ukimkuta mtu wa namna hiyo, zungumza naye vizuri. Huyo ni shahidi wako, si adui yako.

Kisha fanya upekuzi wa pili, wa majina ya wakurugenzi wenyewe. Wana kampuni nyingine? Ilisajiliwa lini? Kama kesi yako ilifunguliwa Machi na kampuni mpya, yenye wakurugenzi wale wale na kazi ile ile, ikazaliwa Juni, chapisha kurasa zote mbili uzihifadhi.

Hatua ya 3: Tafuta mali ya kampuni

Magari ulizia TRA, na unapotaka taarifa ya usajili uwe na namba ya gari. Ndiyo maana nawaambia watu waandike namba za malori tangu siku ya kwanza ya biashara. Viwanja na mashamba ni ofisi ya ardhi, kwa namba ya kiwanja na kitalu. Kwa sisi wa pwani, usisahau vyombo vya baharini, kwa sababu meli na boti husajiliwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli. Tafuta na wanaodaiwa na kampuni hiyo, yaani wateja wake ambao bado hawajailipa. Deni ambalo mteja huyo anadaiwa na kampuni ni mali pia, na mahakama inaweza kuamuru alilipe mahakamani badala ya kumpa mdaiwa wako.

Hatua ya 4: Ikaze hukumu dhidi ya kampuni kwanza, kwa dhati

Jaza fomu ya maombi ya kukaza hukumu chini ya Amri ya XXI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Utaeleza namba ya shauri, kiasi, kama kuna rufaa, kama kuna kilicholipwa, na namna unayotaka mahakama ikusaidie: kuzuia fedha benki, au kukamata mali na kuziuza. Katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi maombi hushughulikiwa na hakimu, na Mahakama Kuu hushughulikiwa na Naibu Msajili. Wenye tuzo za CMA nao huanzia kwa kuiwasilisha tuzo yao Mahakama Kuu, na kanda yetu ipo hapa hapa Tanga mjini.

Watu wengi hutaka kuiruka hatua hii. "Tunajua kampuni haina kitu, twende kwa mwenyewe moja kwa moja." Ukienda hivyo, swali la kwanza utakaloulizwa ni: umejaribu nini dhidi ya kampuni? Jibu likiwa hakuna, utarudishwa ulikotoka.

Mahakama itamteua dalali wa mahakama. Fuatana naye kwa karibu, mwonyeshe maeneo, mpe namba za magari. Akikosa mali, hakikisha anaandika taarifa rasmi na kuirudisha mahakamani: tarehe aliyokwenda, mtaa gani, alimkuta nani, aliambiwa nini. Taarifa ya dalali inayosema "nilikuta ofisi imefungwa, mlinzi akasema walihamisha vitu usiku wa tarehe fulani" ina thamani kuliko maneno yako yote. Vivyo hivyo barua ya benki inayoonyesha akaunti ilikuwa na salio dogo siku ilipozuiwa. Karatasi hizi zinazorudi mikono mitupu usizione kama kushindwa. Zitunze, zina kazi mbele.

Na tafadhali, usiende wewe na vijana wa mtaa kuchukua lori. Utatoka kuwa mdai na kuwa mshtakiwa.

Hatua ya 5: Mwite mkurugenzi aje aulizwe mahakamani

Hapa ndipo kesi ya shangazi ilipogeuka, na ni hatua ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Amri ile ile ya XXI, Kanuni ya 40, inamruhusu mwenye tuzo ya fedha kuomba ofisa wa kampuni iliyoshindwa aitwe na kuulizwa kwa mdomo mbele ya mahakama: kampuni inamdai nani, ina mali gani, ipo wapi. Mahakama inaweza kumwamuru alete na vitabu na nyaraka. Omba zitajwe kwenye wito: taarifa za benki za kipindi tangu deni lilipoanza, hesabu za mwaka, orodha ya mali, mikataba ya mauzo ya magari au mitambo.

Jiandae maswali kwa mpangilio wa tarehe, ukianza na siku deni lilipoanza. Usianze na ugomvi. Uliza vitu vyenye jibu fupi:

Siku deni linaanza kampuni ilikuwa na magari mangapi? Namba zake? Gari hili liko wapi leo? Liliuzwa lini, kwa nani, kwa bei gani? Fedha ziliingia akaunti ipi? Mnunuzi ni nani wako? Ofisi ya sasa inalipiwa pango na nani? Wafanyakazi wale wako wapi? Nani anasaini hundi?

Mkurugenzi wetu alijibu kwa kujiamini mwanzoni. Malori yaliuzwa, akasema, biashara ilikuwa mbaya. Yaliuzwa kwa nani? Akataja kampuni. Ya nani? Akanyamaza kidogo, akasema ya mke wake. Lini? Miezi 3 baada ya hukumu. Bei? Hakukuwa na bei, "tulielewana kifamilia". Hakimu aliandika neno kwa neno. Shangazi hakuelewa kwa nini wakili wa upande wa pili alianza kukusanya mafaili yake kwa haraka, lakini mimi nilielewa.

Asipofika baada ya kuitwa kihalali, hilo nalo linaingia kwenye jalada. Hakikisha tu wito umemfikia kweli na kuna uthibitisho wa msambaza nyaraka. Wito uliotupwa kwa mlinzi asiyejulikana utakugeuka.

Hatua ya 6: Omba pazia lifunuliwe

Maombi haya huletwa kwa hati ya wito wa chemba ikiungwa mkono na kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia, mbele ya mahakama inayokaza hukumu. Kampuni inabaki kuwa mjibu maombi, na kila mkurugenzi unayemtaka anatajwa kwa jina lake. Unaomba mambo mawili, kwa mpangilio huu: kwanza pazia la kampuni lifunuliwe, pili mkurugenzi fulani awajibike binafsi kulipa kiasi kilichomo kwenye tuzo. Maombi ya kumkamata au kukamata mali yake yasubiri uamuzi huo. Anayeomba mkurugenzi apelekwe gereza la Maweni wakati pazia bado limefungwa anaomba mtu asiye mdaiwa afungwe, na mahakama haitamsikiliza.

Kiapo ndicho roho ya maombi. Kiandikwe kama hadithi fupi yenye tarehe, kila aya jambo moja, kila jambo na kielelezo chake: tuzo, maombi ya kwanza ya kukaza hukumu, taarifa ya dalali, barua ya benki, mwenendo (kumbukumbu za mahakama) wa siku ya mahojiano, kurasa za BRELA za kampuni ya zamani na mpya. Eleza kila mkurugenzi alifanya nini. Ukiandika "wakurugenzi walificha mali" bila kusema nani, lini na mali ipi, umeandika lawama tu. Yale uliyoambiwa na mtu, mtaje aliyekuambia, na kama jambo ni zito mwombe naye aape kiapo chake. Usiweke hoja za kisheria, maombi wala laana ndani ya kiapo.

Mwisho wa kiapo kuna mambo madogo yanayoua maombi makubwa. Uthibitisho useme aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa. Kamishna wa viapo aandike mahali na tarehe ulipoapa mbele yake, pamoja na jina lake. Nimeshuhudia maombi mazuri yakitupwa kwa sababu tarehe ilisahaulika, na mtu akaanza upya huku mdaiwa akipata mwezi mwingine wa kupumua.

Kuhusu vifungu vya sheria utakavyovitaja: Toleo la 2023 la sheria zetu lilianza kutumika Julai 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimehama. Usinakili namba kutoka maombi ya zamani ya jirani. Maamuzi ya mahakama unaweza kuyasoma bure kwenye tovuti ya TanzLII. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini maamuzi mengi yaliyomo bado ni ya Kiingereza. Tafuta mtu akusaidie kuyasoma, ndiyo kazi yetu sisi wasaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Mkurugenzi lazima apewe nakala na nafasi ya kujibu. Haki ya kusikilizwa imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a), na amri iliyotolewa bila yeye kusikilizwa itafutwa. Atajibu kwa kiapo kinzani. Soma kiapo hicho kwa utulivu, maana mara nyingi kinapingana na yale aliyoyasema siku ya mahojiano, na kupingana huko ndiko utakakokuonyesha mahakamani.

Hatua ya 7: Pazia likifunuliwa

Sasa mkurugenzi ni mdaiwa kama mdaiwa mwingine. Unarudi kwenye fomu ya kukaza hukumu, safari hii kwa mali zake. Naye ana kinga zile zile za kila mdaiwa. Nyumba anayoishi na familia yake sheria inailinda isikamatwe kwa deni kama hili, kwa hiyo tafuta kiwanja cha pili, nyumba ya kupangisha, gari, hisa, akaunti. Tegemea pia mke, ndugu au kampuni nyingine kuja kusema "mali hii ni yangu". Mahakama itachunguza madai hayo, na nyaraka zako za tarehe za uhamisho zitahitajika tena.

Kumfunga kama mfungwa wa madai kunawezekana, lakini mimi nakushauri kuwe mwisho. Ataitwa kwanza ajieleze. Mahakama itataka kuona kwamba ana uwezo na anakataa, kwani umaskini wa kweli haumfungi mtu. Gharama za kumtunza gerezani unazilipa wewe, na ukiacha kulipa anaachiwa. Akitoka, deni bado liko palepale.

Zipo na njia za pembeni. Kama mkurugenzi alisaini dhamana binafsi siku ya mkataba, huhitaji pazia lolote, unamdai kwa saini yake. Kwa hiyo wewe unayeanza biashara na kampuni leo, omba dhamana hiyo leo. Na kama wadai ni wengi, hukumu iliyokazwa ikarudi bila kitu ni ushahidi kwamba kampuni haiwezi kulipa madeni, na unaweza kuomba Mahakama Kuu iifilisi. Mfilisi ana mamlaka ya kuchimba alikopita mkurugenzi aliyefanya biashara kwa udanganyifu. Ni njia ndefu na ghali, na fedha zitagawanywa kwa wote.

Hatua ya 8: Anapokuja kupatana

Wengi huja kabla ya uamuzi. Wetu alikuja wiki moja kabla, na wakili wake, akitaka kulipa kwa awamu 5 na sisi tuondoe maombi siku hiyo hiyo. Tulikubali awamu, tukakataa kuondoa. Makubaliano yaliandikwa na kuwasilishwa mahakamani yawe amri: yeye mwenyewe, kwa jina lake, atalipa kiasi fulani kila tarehe fulani, akikosa awamu moja salio lote linadaiwa mara moja na anakubali kukazwa binafsi. Akasaini mara mbili, kama mkurugenzi na kama yeye.

Kila fedha inayolipwa nje ya mahakama ijulishwe mahakama na kuandikwa kwenye jalada. Malipo yasiyothibitishwa mahakama inayokaza hukumu haiyatambui, na hilo linaweza kumuumiza yeyote kati yenu. Pokea kwa benki, toa risiti, peleka nakala masijala igongwe muhuri. Shangazi alifanya hivyo kila awamu, kisha akirudi nyumbani anaiandika tena kwenye lile daftari la sahani, chini ya mstari wa mwisho wa wali samaki.